Akisema "tutaongea baadaye", mimi nimekwisha

Mshauri, pole na majukumu.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili. Tatizo langu ni hasira. Si hasira ya kila kitu: watoto wakimwaga maji au wakivunja kikombe, naokota tu maisha yanaendelea. Lakini mume wangu akiniambia "tutaongea baadaye", hapo mimi nimekwisha. Mikono inakuwa ya baridi, tumbo linakaza, na baada ya dakika chache nawaka. Jumatano iliyopita nilimwuliza kama amefikia uamuzi kuhusu kuhama nyumba. Akasema tutaongea baadaye, akarudi kwenye kompyuta yake. Nilimwandikia ujumbe kumi na mmoja naye yuko chumba cha pili. Katika wa mwisho nilimwambia najuta kuolewa naye. Kumbe alikuwa anamalizia kazi iliyotakiwa saa ileile.

Kazini ni vivyo hivyo. Msimamizi wangu aliniandikia Ijumaa jioni, "Nitafute Jumatatu asubuhi." Sikulala. Kufikia Jumapili usiku nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Jumatatu ikawa anataka tu nibadilishane zamu na mwenzangu.

Nimejaribu kuhesabu mpaka kumi. Nimejaribu kunyamaza, nikakaza uso nikajifanya sina neno, nikaja kulipuka vibaya zaidi. Rafiki akanishauri nijifungie chumbani nipige mito. Nilipiga, nikatoka nimewaka kuliko nilivyoingia. Dada yangu anasema nimerithi hasira za baba. Lakini baba hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa akisema tu "tutaonana jioni", na sisi watoto tulijua jioni kuna nini. Hayo yamepita, sina kinyongo naye.

Je, hasira hii inatibika? Na nimweleze mume wangu, au nitaonekana natafuta kisingizio?

Mwenye Kuwaka

JIBU

Dada yangu,

Katika barua yako neno hasira limetokea mara nne, na neno hofu halimo kabisa. Lakini mwili wako umelisema: mikono baridi, tumbo kukaza, kisha ndipo kuwaka. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Paul Ekman na wenzake walipima joto la vidole vya watu waliokuwa katika hisia mbalimbali, wakaona linapanda zaidi mtu akiwa na hasira kuliko akiwa na hofu. Vidole si kipimo cha kuaminika cha yaliyo moyoni, maana miili haifanani. Ila mpangilio uliouandika mwenyewe, baridi kwanza na moto baadaye, unanifanya niamini kwamba hasira yako ni mgeni wa pili kuingia. Hofu ndiyo iliyotangulia, na hasira inakuja kuifukuza, kwa sababu hasira walau inakupa la kufanya. Hofu inakuacha umekaa unasubiri.

Ndiyo maana dawa ulizojaribu hazikufanya kazi. Zote zililenga hasira, na kwa kawaida zilifika wakati moto umeshashika paa.

Kiswahili kina neno linalokaa sawasawa na hali yako: kutonesha. Kidonda kimefunga juu, mtu anakigusa bila kujua, wewe unaruka. Aliyekigusa si yeye aliyekujeruhi, na wewe uliyeruka hukujifanya. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndoa nyingi hugombana kwa sababu kila upande unashikilia moja tu.

Yale ya baba umeyaandika kwa mistari miwili na kuyafunga haraka. Mimi nitayafungua kidogo. Mtoto anaambiwa na mkubwa mwenye mamlaka kwamba jambo lipo, halitasemwa sasa, litakuja jioni. Kisha anapewa saa nyingi za kusubiri, na mwisho wake ni adhabu. Likirudiwa mara za kutosha, ubongo haungoji tena jioni. Unaanza kuogopa pale sentensi inapotamkwa. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov alionyesha jambo la jamii hiyo kwa mbwa waliodondokwa mate kwa ishara tu kabla chakula hakijafika. Kwa upande wa hofu, sehemu moja inayohusika sana ni amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi ndani ya ubongo, kinachopiga king'ora kabla hujamaliza kufikiri. Kumsamehe baba ni uamuzi wako, na umeufanya. King'ora hakikuulizwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa usiwe na kinyongo hata chembe na bado mikono ikawa baridi.

Hata hivyo usikimbilie kusema "ni baba" ukaishia hapo. Watu wengi wakishapata chanzo huridhika nacho kama vile wamepona, na Jumatano inayofuata wanaandika ujumbe kumi na mmoja mwingine. Chanzo kinakusaidia kutojilaumu. Kazi yenyewe inafanyika kwenye matukio ya wiki hii.

Anza kwa kulipasua tukio moja. Chukua lile la Jumatano. Andika kwa mkono, dakika kumi hazizidi, na kwa matukio yajayo andika siku hiyohiyo ukishapoa, maana kesho kumbukumbu itakuwa imeshajitetea. Andika mambo sita kwa mpangilio: hali yako kabla ya tukio, kilichotokea, mwili ulifanya nini, wazo la kwanza, ulitamani kufanya nini, ulifanya nini na kikafuata nini.

Wengi huharibikiwa kwenye "kilichotokea". Wanaandika "alinidharau", au "alinipuuza mbele ya watoto". Hayo ni tafsiri. Pale pana nafasi ya kile tu ambacho kamera ingekiona na kukisikia. Ukurasa wako wa Jumatano ungeweza kusomeka hivi:

Kabla: usiku nililala kwa saa tano tu, sikupumzika tangu asubuhi, nyumba nimeiwaza siku nzima.
Kilichotokea: nilimwuliza kuhusu kuhama. Alisema "tutaongea baadaye". Hakunitazama. Aligeukia kompyuta.
Mwili: mikono baridi, tumbo, koo kukauka.
Wazo la kwanza: ameshaamua, na ni jambo baya, ananificha.
Nilitamani: alitoe jibu sasa hivi, lolote lile.
Nilifanya: ujumbe kumi na mmoja. Alifunga mlango. Nilipata nafuu dakika chache, halafu aibu mpaka asubuhi.

Mawazo ya kwenye ukurasa huo nimeyabuni. Yako utayajua wewe. Lakini soma mstari wa tano. Mtu aliyedharauliwa hutamani kuombwa radhi. Huyu anatamani kusubiri kuishe. Hata habari mbaya ingemfaa kuliko kutojua. Ukipata kurasa tano au sita za namna hii katika wiki mbili hivi, zipange mezani utafute kinachojirudia. Huenda ukagundua kwamba neno "baadaye" si kitu, kwamba ni kule kutotazamwa. Au kwamba "baadaye" ya dada yako haikusumbui, ya watu wenye uwezo wa kukuamulia ndiyo inayotonesha. Kichocheo kikitajwa kwa ujumla hakishikiki. "Mume wangu ananiudhi" huwezi kukifanyia kazi. "Mwenye mamlaka anaahirisha jambo bila kusema ni lipi wala lini", hicho unaweza.

Usiuruke mstari wa "kabla". Usingizi pungufu, njaa, maumivu, siku ndefu bila pumziko: hivi havileti kichocheo, ila vinashusha kizingiti, unawaka upesi. Kurasa nyingine zitakuonyesha kwamba neno lilelile, Jumamosi asubuhi umelala vizuri, lilipita bila kugusa kitu.

Sasa majina. Tumekuwa na mazoea ya kuita kila kitu hasira, ilhali lugha yetu imejaa. Hamaki ni ile ya ghafla inayopanda na kushuka. Kinyongo kimelala muda mrefu. Uchungu una maumivu ya kutendewa vibaya na mtu wa karibu. Fadhaa haijui ishike lipi iache lipi. Wahaka ni kutotulia kwa jambo ambalo halijafika. Fedheha ni kuvuliwa heshima mbele za watu. Ukifikiri vizuri, wiki yako ya msimamizi ilikuwa wahaka siku tatu na hamaki saa moja. Kutaja hisia kwa jina lake si urembo wa maneno: mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwapa watu picha za nyuso zenye hisia, na walipowataka wazitaje hisia hizo kwa neno, shughuli ya amigdala ilipungua. Kwa hiyo mikono ikipoa, sema chinichini, "Huu ni wahaka. Nasubiri jambo nisilolijua." Sentensi mbili basi. Ukianza kueleza sababu, umeshahama kutoka kutaja na kuingia kubishana.

Kuhusu kuhesabu mpaka kumi: ni njia fupi mno kwa moto wako. Adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kwa hatari, ikishamwagika kwenye damu, moyo na misuli havirudi chini kwa sekunde kumi. John Gottman, aliyechunguza wanandoa wakigombana huku mapigo yao yakipimwa, hushauri mapumziko yasiyopungua dakika 20. Lakini dakika hizo 20 zina sharti ambalo watu hulisahau: usizitumie kutunga hoja. Ukikaa chumbani unapanga ujumbe wa kumi na mbili, mwili unaona vita inaendelea. Ndicho kilichokupata kwenye mito pia. Mwaka 2002 Brad Bushman aliwaudhi watu, kisha akawapa baadhi yao mfuko wa mazoezi ya ngumi waupige wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira nyingi zaidi. Waliokaa kimya dakika chache bila kufanya chochote walikuwa na nafuu kuliko wao. Rafiki yako alikushauri kwa nia njema, ila ushauri huu ni wa zamani na ni mbovu.

Na ule wa kukaza uso? Majaribio ya James Gross na Robert Levenson katika miaka ya 1990 yaliwataka watu wafiche hisia zao wakitazama filamu za kuchukiza au kuhuzunisha. Uso ulitulia. Hisia yenyewe ndani haikupungua, na baadhi ya vipimo vya mwili vilionyesha kazi imeongezeka. Kwa hiyo hukulipuka kwa sababu hukujikaza vya kutosha. Kujikaza kunakula nguvu bila kugusa mzizi.

Fanya hivi badala yake. Simu iweke chumba usichokuwamo. Hiyo ni hatua ya kwanza na nina hakika ndiyo ngumu kuliko zote. Kisha pumua kwa kuvuta hewa puani kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, polepole, kwa dakika tano. Hiyo ni kama mipumuo sita kwa dakika. Kinachotuliza zaidi ni kule kutoa hewa kwa muda mrefu, maana wakati wa kutoa moyo hupunguza mwendo kidogo. Watu hukosea kwa kuvuta hewa kubwa kwa pupa. Wanapata kizunguzungu na kudhani hali imezidi. Vuta ya kawaida, toa ndefu. Kama umepanda sana kiasi cha kutoweza hata kuhesabu, zamisha uso kwenye beseni la maji ya baridi ukiwa umeshika pumzi, sekunde 15 hadi 30. Mwili una tabia ya kupunguza mapigo ya moyo uso ukiingia majini. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayezimia ovyo asifanye hilo bila kumwuliza daktari. Dakika zilizobaki tembea, au fanya kazi ya mikono inayotaka macho yako.

Hayo yote ni ya kuzima. Hayatakufunza kitu kipya. La kufunza ni haya mawili.

La kwanza ni sentensi iliyoandaliwa. Peter Gollwitzer ametafiti kwa miaka mingi mipango ya namna ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi", na mipango hiyo hushinda nia ya jumla kama "nitajitahidi nisikasirike", kwa sababu uamuzi umeshafanyika kabla ya joto. Yako iwe: "Nikisikia baadaye, nitauliza: kuhusu nini, na saa ngapi?" Kwa mumeo mada unaijua, kwa hiyo inabaki saa. Kwa msimamizi: "Sawa, nitafika. Ni kuhusu jambo gani, nijiandae?" Ungeandika sentensi hiyo Ijumaa jioni, huenda ungelala. Ifanyie mazoezi kwa sauti mara kadhaa ukiwa umetulia, la sivyo haitakuja ulimi ukikauka.

Swali hili liulize mara moja tu. Hapa ndipo dawa hugeuka sumu. Akikujibu "saa mbili usiku", ukauliza "lakini si jambo baya?", akasema si baya, utapata nafuu ya dakika chache kisha swali litarudi likiwa na njaa zaidi. Kuhakikishiwa kuna tabia ya kuongeza kiu. Saa umepewa, basi.

La pili ni kujizoeza kusubiri, kidogo kidogo, kwa makusudi. Mwombe mumeo mshirikiane. Siku ya kawaida akuambie "nina jambo, tutaongea baada ya dakika 15", na jambo lenyewe liwe la kweli na dogo. Kabla dakika hazijaanza, andika unachotabiri na unakiamini kwa kiasi gani: "Ataniambia amebadili mawazo kuhusu nyumba, asilimia 80." Subiri bila kuuliza, bila kumchungulia uso. Kisha andika kilichotokea kweli pembeni ya utabiri. Dakika 15 zikishakuwa za kuchosha tu, nenda saa moja, halafu kutwa nzima, halafu "baadaye" isiyo na saa. Ubongo unajifunza pale utabiri wake unapogonga mwamba, kwa hiyo utabiri usioandikwa umepotea bure. Ukishapewa habari njema utajiambia ulijua tangu mwanzo. Na msibaki kwa mume tu. Mwombe na dada yako, kisha mwenzako kazini, maana somo lililofunzwa sebuleni halihami lenyewe kwenda ofisini.

Tarajia kurudi nyuma. Pavlov mwenyewe aliona kwamba jibu lililokwisha kuzimwa hurejea baada ya mapumziko, kwa sababu somo la zamani halifutwi. Linawekewa jipya juu yake. Wiki ya sita, umechoka, mtu mpya anakwambia "tutaonana jioni" kwa maneno yaleyale ya baba, na unawaka kama siku ya kwanza. Ukurasa mwingine wa mambo sita, na unaendelea ulipoachia.

Ukishalipuka, radhi iombe ndani ya siku moja, na itaje kitendo: "Nilikuandikia kwamba najuta kuolewa nawe. Nilikosea." Neno "lakini" likiingia hapo, radhi imekufa.

Kabla ya kufika kwa mumeo, kuna jambo moja la kupima kwa haki. Si kila king'ora ni cha uongo. Kama "tutaongea baadaye" yake huwa kweli haiji, kama hukaa siku nyingi bila kukusemesha ili ujue amekasirika, au kama kuna kipigo au vitisho, basi hapo unayoisikia ni taarifa sahihi, na mazoezi ya kusubiri si yako. Kutokana na barua yako sioni hivyo, mtu alikuwa anamalizia kazi. Lakini kurasa zako ndizo zitakazosema. Vilevile kama jioni zile za utotoni zinakurudia kwa ndoto za kutisha, au unajikuta umerudi palepale kana kwamba yanatokea sasa, mtafute mwanasaikolojia mwenye uzoefu wa majeraha ya aina hiyo, wala usianze mazoezi peke yako. Na fikra za kujidhuru zikija, usingoje safu wala barua. Zungumza na mtu na ufike kituo cha afya siku hiyohiyo.

Umwambie mumeo? Ndiyo. Kisingizio ni maelezo yanayokuja mahali pa radhi. Wewe radhi utakuwa umeshaitoa, siku tofauti. Chagua saa ambayo hamjagombana, na usizidishe dakika tano. Huhitaji kusimulia jioni zote. Yanatosha haya: "Nilipokuwa mtoto, kuambiwa 'jioni' kulimaanisha adhabu. Mpaka leo ukiniambia baadaye, mwili wangu unaogopa kabla sijafikiri. Si kosa lako. Nimeanza kulifanyia kazi. Naomba ukiahirisha jambo, unitajie saa." Kisha nyamaza, mwache alimeze.

Akijibu kwamba amekuelewa na mtaongea zaidi baadaye, muulize saa ngapi.